Jaribu Kwanza, Ndipo Ulipe

Jua lilikuwa linazama Digrii alipovaa kandambili na kumwambia dada yake kwamba anatoka mara moja, hakai. Dada yake, fundi cherehani anayeshonea sare za shule pale pale sebuleni, hakuinua hata kichwa. Alisema tu kwamba mtu mwenye usaili kesho asubuhi hazururi jioni, na kwamba shati lake limeshapigwa pasi.

"Usaili ni wa simu, dada."

"Hata kama. Mtu aliyevaa shati lililokunjamana anajulikana hata kwenye simu."

Digrii akafunga mlango. Na hilo jina lisikudanganye, halikuwa la heshima. Mtaa ulimbandika ulipochoka kumwona akirudi na bahasha ileile ya vyeti aliyotoka nayo asubuhi. Maofisi yanataka kijana mbichi mwenye experience ya mtu anayekaribia kustaafu. Unaulizwa umewahi kufanya kazi wapi, unasema sijawahi, unaambiwa rudi ukishafanya. Ukafanyie wapi, kaburini? Seriously.

Kilichobaki kwake ni mdomo. Mdomo wenyewe ulikuwa mkali kama wembe, lakini sauti, jamani, sauti aliyopewa! Nzito, laini, yenye kutuliza. Akikutukana kwa sauti ile unaweza kumwambia asante.

Mama yake mdogo, anayefanya usafi kwenye kampuni moja ya kupokea simu za wateja, ndiye aliyeleta habari. Wanatafuta watu. Experience hawataki. Wanakupigia, wanakusikiliza unavyoongea, basi. Ila alimvuta pembeni akamwonya: mwanangu, hicho kikohozi chako cha sigara. Mwenzako ametimuliwa juzi kwa kukohoa masikioni mwa wateja.

Digrii alijaribu kuacha sigara. Akawa anagombana hata na cherehani. Ndipo akaona bora ahamie sigara ya umeme, ile ambayo vijana wanaiita vepu, angalau usaili upite salama.

Na kwenye kununua vitu mtandaoni usimwambie kitu. Ilikuwa fani yake ya pili isiyo na mshahara. Mtaa mzima ulimletea simu awakagulie kurasa za wauzaji. Huyu tapeli, picha ameiba. Huyu anataka nauli ya mzigo kwanza, mkimbie. Huyu maoni yote kaandika mwenyewe, tazama anavyokosea maneno yaleyale. Kinyozi wa jirani aliponusurika kununua boksi tupu alitangaza kwamba angalau ile digrii imefaa kitu. Watu wakacheka. Digrii akacheka nao, na moyoni akawatukana wote.

Sheria yake kuu ilikuwa moja. Shika mzigo, jaribu kwanza, ndipo ulipe.

Ukurasa alioupata ulifaulu mitihani yake yote. Aliomba picha mpya ya kifaa kikiwa juu ya karatasi yenye neno alilolichagua yeye. Ikaja kabla hajaweka simu chini. Hawakutaka hela ya awali. Waliandika wenyewe, bila kuulizwa: *Usitume chochote. Jaribu kwanza, ndipo ulipe.* Digrii akatabasamu. Hatimaye, watu wanaojua biashara.

Akaomba namba ya mteja aliyewahi kununua. Wakampa. Akapiga. Ikapokelewa na sauti ya mama wa makamo, ya upole, kama mwalimu wa chekechea anayewatuliza watoto.

"Ni orijino kabisa, mwanangu. Wewe jaribu kwanza."

Nyuma ya ile sauti kulikuwa na kitu kinagonga. Ko. Ko. Ko-ko-ko.

"Mama, nani huyo anagonga hivyo?"

"Mafundi. Wanarekebisha nyumba."

Akashukuru, akakata. Akaagiza.

Walikubaliana kukutana nje ya duka la dawa, mahali penye taa na watu. Hiyo nayo ilikuwa sheria yake. Alipofika taa ilikuwa inawaka, mfamasia alikuwa ndani anapanga chupa, na watu walikuwa wanapita na mifuko yao ya jioni. Akasimama ukutani, akatazama barabara upande mmoja. Akatazama upande wa pili.

Alipogeuka, pikipiki ilikuwa pale.

Hakuisikia ikija.

Dereva alivaa helmeti nyeusi iliyofunika uso wote, kioo kimeshushwa. Hakusema habari ya jioni. Alinyoosha mkono wenye glavu, na juu yake kiboksi kidogo.

"Mambo vipi, boss," Digrii akasema. "Au hamruhusiwi kuongea na wateja?"

Helmeti ikainama kidogo, kama inasikiliza wimbo.

Basi akakagua. Lakiri ya boksi, haijaguswa. Maandishi, safi. Akakwangua stika kwa ukucha, akaingiza tarakimu zilizokuwa chini yake kwenye simu kuhakiki. Skrini ikazunguka, ikazunguka… ikaandika: *Bidhaa halisi. Hongera.* Chini yake, jina lake. Si Digrii. Jina lake lote, vilevile lilivyoandikwa kwenye cheti cha chuo. Jina ambalo hakuwapa.

Hapo mtu mwenye akili anaondoka. Lakini Digrii alifikiria asubuhi. Alifikiria kikohozi. Mama mdogo alikuwa amempigia goti bosi wake kwa ajili ya simu hiyo moja. Akajiambia siku hizi majina ya watu yamezagaa mtandaoni kama takataka, nani asiyejua.

"Najaribu kwanza," akasema.

Helmeti ikaitikia kwa kuinama haraka. Mara mbili. Kama mtu mwenye njaa anayeulizwa kama atakula.

Akaweka kifaa mdomoni, akavuta.

Kri… kri… kri…

Harufu ya stroberi. Tamu, nzuri. Chini ya stroberi kulikuwa na harufu nyingine, ya chumba kilichofungwa muda mrefu na mgonjwa ndani. Mvuke ulikuwa wa baridi. Ulishuka kooni, ukafika kifuani, ukatulia. Ukaanza kupapasa huko ndani, taratibu, kama mkono unaotafuta ufunguo kwenye mkoba.

Ukaupata.

Digrii akapuliza ili autoe.

Hakikutoka kitu.

Akapuliza tena, kwa nguvu, mashavu yamevimba. Hewa kavu tu. Kisha akaona mvuke mweupe unatoka polepole chini ya ile helmeti, unazunguka shingo ya dereva, unapanda juu kwenye taa.

Dereva akakohoa. Kikohozi cha sigara. Digrii alikijua kikohozi kile, alikuwa amelala nacho miaka.

"Umeridhika, bro?" dereva akauliza.

Nzito. Laini. Yenye kutuliza.

Sauti ilikuwa yake.

Digrii akafungua mdomo kuita mwizi. Shingo ilitoka mishipa, macho yakamtoka, na mdomoni hakukuwa na hata mkwaruzo. Pikipiki ikageuka bila kunguruma, ikaingia barabarani. Hela ilikuwa bado mfukoni mwake, imekunjwa. Hawakuitaka.

Mfamasia akatoka mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani. Alimtazama Digrii akinyoosha kidole kooni, akinyoosha kidole barabarani, na hakuonyesha mshangao. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Umesimama hapo hapo alipokuwa amesimama yeye," akanong'ona. "Mama mmoja, mwalimu wa chekechea. Naye aligusa koo hivyohivyo. Nikampa vidonge vya kumumunya."

Akatazama taa.

"Akarudi tena baadaye. Vifundo vya vidole vimechubuka, vinatoka damu. Kama mtu aliyegonga mlango usiofunguliwa. Sikumuuliza… Nenda nyumbani, kaka. Nafunga."

Nyumbani, Digrii alichukua chaki ya dada yake akaandika juu ya kitambaa cha sare: *Sauti yangu imechukuliwa.* Dada akasoma. Kwanza alilalamikia kitambaa cha watu. Kisha akamwonea huruma, akamkorogea maji ya moto na chumvi, akamkumbusha kwamba tangu utotoni mtihani ukikaribia lazima mwili umsaliti. Zamani ilikuwa tumbo, leo ni koo. Digrii akatikisa kichwa, akashika chaki tena. Dada akamnyang'anya, akamsukumia chumbani.

"Lala, mdogo wangu. Asubuhi sauti itarudi."

Simu ikatetemeka kwenye giza la chumba. Ujumbe kutoka ule ukurasa.

*Karibu kwenye timu.*

Asubuhi alivaa shati. Alivaa kwa sababu dada alisimama mlangoni mpaka akalivaa. Kisha dada akasema hatawasha cherehani mpaka usaili uishe, akafunga mlango ili kuwe kimya, akabaki upande wa pili ameegemea ukuta, anasikiliza. Alisikika hata akipumua.

Simu ikaita.

Digrii alikuwa ameamua kuikata. Bora aonekane jeuri. Akabonyeza kitufe chekundu. Simu ikajipokea.

"Hallo, habari za asubuhi. Asante kwa kunipigia."

Sauti yake, ikitoka kwenye simu yake, ikamjibu mtu kwa niaba yake. Akataka kuinuka akimbilie mlangoni. Miguu haikumtii. Mwili mzima ulikuwa umekaa kitako, umetulia, kama wa mtu mwingine. Mkono mmoja tu ndio uliobaki wake.

Upande wa pili alikuwa bosi wa mama mdogo, mwanamke mwenye sauti ya haraka haraka. Akauliza hiki, kikajibiwa. Akauliza kile, kikajibiwa kwa adabu, kwa kituo, na kacheko kadogo mahali panapostahili. Digrii mwenyewe asingeweza kujibu vizuri hivyo. Angeshamtukana.

Akakunja ngumi. Akagonga ukuta.

Ko. Ko. Ko-ko-ko.

"Nasikia kama kuna mtu anagonga huko kwako," bosi akasema.

"Samahani, madam. Ni mafundi, wanarekebisha nyumba."

Akagonga kwa nguvu zaidi. Ngozi ikachanika. Damu ikachora ukutani.

"Swali la mwisho. Mteja anasitasita, anaogopa kutapeliwa. Utamfanyaje?"

"Simlazimishi hata kidogo. Namwambia ajaribu kwanza, ndipo alipe."

Bosi akacheka. Alisema hilo ndilo jibu bora aliloambiwa wiki nzima, na kwamba Jumatatu aje. Akauliza, kwa udadisi tu, ni biashara gani iliyomfundisha hivyo.

"Sigara za umeme, madam."

"Kumbe." Bosi akashusha sauti. "Unajua na mimi natafuta njia ya kuachana na sigara… Ukurasa gani huo? Wasije wakaniibia."

"Nakutumia sasa hivi. Wao wenyewe hawataki hela kwanza."

Digrii akapiga ukuta kwa ngumi, kwa kiwiko, kwa chochote alichobakiwa nacho.

Upande wa pili, dada aliyesikia yote alikuwa ameanza kupiga vigelegele. Mdogo wake kapata kazi. Sauti imerudi, nzuri kuliko jana. Na hebu msikie anavyogonga kwa furaha humo ndani, kama mtoto.

Akavua utepe wa kupimia shingoni, akakunja ngumi, naye akamjibu kwa kugonga ukuta.

Ko. Ko. Ko-ko-ko.