Mabati Mawili ya Paa la Shule

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Bertila alipanga ndoo yake kwenye mstari mrefu ubavuni mwa shule, penye tangi la maji ya mvua. Kila nyumba ilipewa ndoo moja, wala hakukuwa na kubembeleza. Mzee Selestini, aliyeshika ufunguo wa tangi, hakuwa mtu wa utani. Aliyekosa maji pale alishuka bondeni, akapanda tena mteremko na ndoo kichwani. Uwanda wa Makonde una korosho, una mihogo, lakini maji, ndugu yangu, ni taabu tupu.

Mwaka 1972, katika kijiji cha ujamaa cha Nang'indu, jirani na Kitangari, jengo lenye bati lilikuwa moja tu, nalo ni shule. Mvua iliponyesha, maji yalitiririka kutoka paani, yakapita mferejini na kuingia tangini. Ndiyo maana watu walilithamini paa lile kuliko nyumba zao.

Mwezi wa Novemba ukaja upepo ambao hata wazee hawakuwahi kuuona. Uling'oa mikorosho, ukalibeba paa lote la shule na kutawanya mabati mashambani. Kesho yake hakuna aliyekaa kulia. Wanaume walikata miti, wanawake walikanyaga udongo wa kukandika kuta, na watoto wakatumwa kutafuta mabati.

"Kila bati lirudi shuleni," mwenyekiti alitangaza. "Mvua haitatusubiri!"

Bertila aliyaona mawili katika shamba lao la mihogo, yangali yameshikana kwenye ubao mmoja. Akasimama, akawaza. Kwao mama yake alikinga maji ya mvua chini ya paa la nyasi, yakatoka mekundu kama chai ya rangi na kunuka moshi. Wangekuwa na bati juu ya mlango, wangekunywa maji meupe kama watu. Akayaficha chini ya mabua.

"Watanunua mengine," alijisemea. Watanunua wapi, mtoto huyu? Na kwa fedha gani?

Siku chache baadaye paa lilisimama tena, isipokuwa pengo la mabati mawili juu ya mfereji. Mvua ingeingilia hapo, ingebomoa ukuta, na tangi lingebaki tupu. Mzee Selestini akamwita Bertila.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Shamba lenu liko upande ule ulikoelekea upepo. Asubuhi ile ulimwona nani huko?"

"Nilimwona Joakina," alijibu.

Hakusema uongo. Alimwona kweli, akiwa na mzigo wa kuni kichwani na mikono mitupu. Lakini habari ya kuni hakuitaja.

Joakina na bibi yake, Luiza, walikuwa wakimbizi. Walivuka Ruvuma mwaka uliotangulia wakikimbia vita vya Msumbiji, na pale kijijini hawakuwa na ndugu wa kuwasemea. Jioni hiyohiyo watu waliingia kibandani mwao, wakapekua kila kitu, wakamwaga hata unga wa muhogo sakafuni. Hawakuona bati.

"Basi wameshayauza," wakasema.

Asubuhi Joakina alipofika tangini, Mzee Selestini alifunga kifuniko mbele ya macho yake. "Mwizi hanywi maji ya hapa. Nenda bondeni!"

"Mla bati! Mla bati!" watoto wakamzomea.

Bertila alikuwa nyuma yake mstarini. Alisogea mbele, akachotewa ndoo yake, akaenda zake.

Siku ya pili Joakina alimsubiri njiani. "Bertila, si uliniona na kuni? Nakuomba uwaambie. Bibi hana nguvu za kushuka bondeni."

"Niache, nachelewa," Bertila alisema, akaongeza mwendo. Loo, moyo wa mtoto ukiogopa huwa mgumu kweli!

Wiki mbili Joakina alishuka na kupanda peke yake. Kisha homa ikamlaza, na Bibi Luiza akaichukua ndoo mwenyewe. Wanawake waliokuwa wakipanda walimkuta katikati ya mteremko, nyonga imevunjika, hawezi hata kugeuka. Walimbeba kwa kitanda cha kamba hadi hospitali ya Newala. Siku ya nne akafariki.

Baada ya mazishi kikaitwa kikao shuleni, na msifikiri kiliitwa kwa toba. Kuna waliosema mjukuu naye atafutiwe kijiji kingine. Bertila alisikia, akatoka mbio. Aliporudi alikuwa akiburuta mabati mawili, yakikwaruza ardhi mpaka watu wote wakageuka.

"Ni mimi," alisema. "Niliyaficha mimi. Joakina alikuwa anaokota kuni tu."

Mama yake aliweka mikono kichwani. Mzee Selestini alisimama kwa hasira. "Leteni fimbo!"

"Kaa, mzee wangu," alisema Mwalimu Isabela, mwalimu mkuu, binti wa mchungaji wa kanisa huko Masasi. "Ukimaliza kumchapa huyu, nani atakuchapa wewe? Bati lilifichwa na mtoto mmoja. Maji tulinyimana watu wazima, na mimi nilikaa kimya pamoja nanyi."

Fimbo haikuletwa. Siku ileile pengo lilizibwa, na ilipofika Jumamosi mvua ilinyesha, tangi likajaa mpaka likafurika. Ufunguo alikabidhiwa mtu mwingine. Joakina akachukuliwa na Mwalimu Isabela, akaishi kwake kama mwanawe.

Jumatatu Bertila alisimama mbele ya darasa, akamwomba Joakina msamaha. Alilia mpaka kamasi zikamtoka.

"Nimesikia," Joakina alisema. Akafungua daftari lake.

Mwalimu Isabela hakumlazimisha kusamehe. Aliligeukia darasa. "Mtu akikuuliza umeona nini, sema yote uliyoyaona. Usichague kipande kinachokuokoa wewe na kumwangamiza mwenzako. Na ukishakosa, sema leo. Bertila alisema kweli, lakini aliichelewesha, na Bibi Luiza hatarudi. Mmeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu," darasa likaitika.

Bertila akarudi kukaa. Joakina, kwenye dawati la mbele, hakugeuka kumtazama.