Ada ya Bima Hulala Wapi?

Kila asubuhi Machteld Zuidgeest aliingia katika nyumba yao ya vioo ya kukuzia mboga kabla ya mumewe. Alipita kati ya mistari ya nyanya, akakata majani ya chini, akachungulia maboksi ya nyuki wa kuchavusha maua. Juu yake paa lote lilikuwa kioo. Kioo hicho ndicho kilichowalisha. Baba mkwe wake alianza kulijenga paa hilo kipande kwa kipande, na deni la kulipanua walikuwa bado wanalilipa benki.

Machteld alikuwa mtu wa maswali. Saa ikiharibika, ataifungua kwanza aone ndani kuna nini, ndipo aipeleke kwa fundi. Mumewe, Krijn, alikuwa mtu wa kununa. Waliishi vizuri tu, ila siku ambazo maswali ya mmoja yalimkuta mwenzake kanuna.

Siku moja ya Februari Krijn aliingia na bili ya bima ya vioo.

"Wameongeza tena!" alisema. "Miaka yote hii tunalipia mvua ya mawe. Umeshawahi kuona jiwe hata moja likivunja kioo hapa?"

"Bado."

"Basi hela yetu imekwenda wapi?"

"Hata mimi najiuliza," alisema Machteld. "Imekwenda wapi kweli?"

"Wameila! Na mimi nimechoka kuwalisha. Jumamosi tunakutana kwa Govert. Naweka saini, halafu hiyo kampuni naiaga."

Govert van Spronsen alikuwa jirani yao wa ng'ambo ya mfereji. Alilima pilipili hoho. Alikuwa mcheshi, mkarimu, na kila mtu alimpenda. Sasa alikuwa na wazo. Wakulima wanane wa mtaa ule waachane na kampuni ya bima. Waanzishe mfuko wao wenyewe. Kila mmoja alipe nusu ya ada aliyozoea. Atakayevunjikiwa vioo, alipwe na mfuko.

Wazo lilimvutia Machteld pia. Nusu ya ada si jambo dogo. Lakini alijua kinachowekwa rehani hapo. Wakiachana na kampuni, halafu mfuko ukashindwa kulipa, mvua moja tu ya mawe ingetosha. Wangebaki na deni la benki na shamba lisilo na paa. Kwa hiyo alitaka kujua kwanza jambo moja: hao watu wa bima wanapataje faida?

Alhamisi ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Krijn. Viti vilipangwa duara sebuleni. Wageni waliingia, wakazunguka duara zima wakimpa kila mtu mkono na hongera, kama ilivyo desturi ya kule.

"Hongera, Machteld!" alisema Govert. "Mumeo kaongeza mwaka."

"Asante. Kaongeza na kununa."

Alimgeukia bibi wa kiti kilichofuata. "Hongera, shangazi! Mtoto wa kaka yako anazeeka!"

Shangazi huyo aliitwa Jans. Alikuwa dada wa baba yake Krijn. Alifanya kazi miaka mingi katika kampuni ya bima mjini Hague, kwenye chumba cha wanaopanga ada. Sasa alikuwa amestaafu, na alipenda vitu viwili: keki ya tufaha na kubishana. Machteld alimpa kipande kikubwa cha keki, akakaa karibu naye.

"Shangazi, nikuulize kitu?"

"Keki kubwa hivi! Lazima swali ni gumu."

"Kampuni ya bima inapata faida wapi?"

Shangazi Jans aliweka uma chini. Uso ulimng'aa. Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kumuuliza habari za kazi yake.

"Kampuni ina mifuko miwili, mwanangu," alisema. "Watu wengi wanaujua mmoja tu. Mfuko wa kwanza ni wa kupima hatari. Tunajiuliza, paa hili ni la kioo gani? Lina umri gani? Sehemu zile mawe huanguka mara ngapi? Halafu tunapanga ada. Tuseme wateja wote pamoja wametuletea euro mia. Waliovunjikiwa tumewalipa sabini. Mishahara na ofisi vimekula ishirini na tano. Imebaki ngapi?"

"Tano."

"Hiyo ndiyo faida ya mfuko wa kwanza. Tukipima vibaya, haibaki. Unakusanya mia, unatoa mia na tatu. Mwaka mbaya sana unatoa mia mbili."

"Sasa huo mwaka wa mia na tatu mnaishije? Si mnafunga?"

"Ngoja nikuulize wewe. Ada unalipa lini?"

"Januari, Februari hivi."

"Na mawe huanguka lini?"

"Kiangazi, Juni na kuendelea."

"Hapo mkaguzi wa hasara hajapita, hesabu hazijafanywa. Kuna hasara nyingine huchukua hata miaka kumalizika. Muda wote huo ile mia yako inalala wapi?"

"Kabatini," alisema Krijn kutoka upande wa pili wa duara. Watu walicheka.

"Ingelala kabatini ningefukuzwa kazi!" alisema Shangazi Jans. "Inawekezwa. Sehemu kubwa inanunua hati fungani. Maana yake tunaikopesha serikali au kampuni imara, na wao wanatulipa riba. Sehemu ndogo inanunua hisa. Hayo mapato ndiyo mfuko wa pili. Mfuko wa kwanza ukitoboka kidogo, wa pili unaweza kuuziba."

Machteld aliruka kidogo kitini. "Kumbe mnafaidi hela yangu kabla hamjanipa!"

"Tunafaidi, sikufichi. Ila kampuni ziko nyingi na zinagombania wateja. Kwa hiyo zinapunguza ada, maana zinajua mfuko wa pili upo. Na hapo ndipo pana mtego. Mwingine anapunguza mno, anategemea riba tu, anasahau kupima hatari. Mwaka mbaya ukifika, anaanguka."

"Na ada zangu za miaka ambayo mawe hayakuanguka?"

"Zimemlipa mwenzako wa mkoa wa Brabant aliyevunjikiwa. Nyingine ni akiba ya mwaka mbaya. Wewe ulinunua ahadi ya kulipwa, na ahadi hiyo ilikuwepo kila usiku uliolala."

Govert alikuwa anasikiliza. Alipiga goti lake kwa furaha.

"Shangazi, umenifanyia mkutano wangu! Sisi pia tuna mfuko wa pili. Naongeza nyumba mpya ya vioo, ya pilipili. Hela za ada tunaziweka humo. Nawalipa riba nzuri kuliko serikali yoyote. Na hela haiendi mbali, mnaiona kwa macho yenu!"

Wageni waliitikia kwa vichwa. Krijn alitabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile. Watu wa pale waliamini kioo kuliko karatasi ya benki. Shangazi Jans alifungua mdomo, lakini Machteld alimtangulia.

"Govert, hiyo nyumba mpya itakuwa wapi?"

"Pale pale, ng'ambo ya mfereji. Utaiona kutoka dirishani."

"Mawe yakianguka kwetu, kwako yataanguka?"

"Bila shaka. Mawingu hayachagui..."

"Basi siku tutakayohitaji hela," alisema Machteld polepole, kwa sababu alikuwa anaiona picha hiyo wakati huo huo, "itakuwa chini, imevunjika, pamoja na vioo vyetu."

Krijn aliacha kutabasamu.

"Na hata isipovunjika," aliongeza Shangazi Jans, "utaiuza nyumba ya vioo kwa wiki moja ili ulipe watu? Hela ya bima iwekwe mahali pasipoanguka siku ile ile, na ambapo unaweza kuitoa upesi. Tena ninyi nyote mko mtaa mmoja. Wingu moja linawapiga wote wanane. Kampuni ina wateja nchi nzima, na yenyewe imejikatia bima kwa kampuni kubwa zaidi."

Govert aliaga mapema. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Umemwaibisha mgeni wangu," Krijn alimwambia mkewe wakikusanya sahani. "Siku ya sikukuu yangu!"

"Niliuliza tu."

"Wewe kila siku unauliza tu!"

Ilimuuma Machteld. Ijumaa yote walifanya kazi kila mmoja kwenye mstari wake. Lakini mara mbili alimwona Krijn amesimama na kisu mkononi, akilitazama paa.

Jumamosi walikwenda kwa Govert pamoja. Machteld alidhani hawatapokelewa vizuri. Govert mwenyewe ndiye aliyefungua mlango.

"Nyumba yangu nitaijenga kwa mkopo wa benki," aliwaambia wote. "Lile swali limeninyima usingizi. Sasa tufanyeje na bima?"

"Wazo lako tusilitupe lote," alisema Machteld. "Shangazi anasema kampuni hupunguza ada ukikubali kubeba mwenyewe sehemu ya kwanza ya hasara. Tubaki na kampuni kwa mvua kubwa. Mfuko wetu utusaidie kulipa hiyo sehemu ya kwanza tu. Na hela zake zikae benki na kwenye hati fungani za muda mfupi, mbali na vioo."

Walibishana mpaka kahawa ikaisha mara mbili. Mwishowe walikubali. Wote wanane walikwenda kwa kampuni kwa pamoja, na ada ikashuka. Haikushuka kwa nusu, lakini ilishuka.

Mwaka wa kwanza haukuwa na mawe. Wa pili pia. Mwaka wa tatu, alasiri moja ya Juni, mbingu iliiva rangi ya kijani. Mawe makubwa kuliko mayai yalianguka kwa dakika chache tu. Machteld na Krijn walijificha kwenye chumba cha mitambo, wameshikana mikono. Kelele zilipoisha, Krijn alitoka, akasimama kati ya nyanya zilizojaa vioo. Alilia bila kujificha.

Kesho yake Govert alivuka daraja kuja kuwaona. Ile nyumba yake mpya, aliyoijenga kwa mkopo, haikuwa tena na paa. Aliinama, akaokota vipande vya kioo, akavishika mbele yao.

"Ada zetu zote za miaka mitatu zingekuwa vipande hivi," alisema. "Ningewapa nini leo? Ningewatazama vipi?"

Wiki hiyo hiyo mfuko ulilipa. Hela zilikuwepo, na hata ile sehemu ya kwanza ya hasara ya Govert ililipwa. Mkaguzi wa kampuni alikuja, na fidia kubwa ikafuata. Mafundi wa vioo walifanya kazi kiangazi chote. Kabla ya baridi, miche mipya ilikuwa imesimama chini ya paa jipya.

Mfuko wa mtaa ulibaki karibu mtupu. Govert aliita mkutano, akasimama mbele yao akikunakuna shingo.

"Jamani, hatukupima vizuri," alisema. "Tulichanga kidogo mno. Nani anakubali mchango uongezwe?"

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Krijn.