Mwenyekiti Aliyesogeza Meza Yake

Kwenye lango la soko palikuwa na fundi viatu ambaye watu walimpelekea hata viatu vizima.

"Fundi, hebu kitazame hiki," mtu angesema huku akivuta kigoda.

"Hiki hakiumwi. Mgonjwa ni wewe. Umekuja kutafuta habari."

"Basi nipe dawa."

Na Fundi angempa. Angemsimulia jinsi alivyochanganya viatu vya wateja wawili, kila mmoja akaondoka na kimoja chake na kimoja cha mwenzake. Walimshukuru sana, wakaenda zao, mpaka walipokutana njiani wakaanza kutazamana miguu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Lakini Fundi hakuwa mchekeshaji tu. Alimuuliza mtu hali ya mtoto wake, kisha akasubiri jibu. Nyundo ilitulia mkononi mpaka mtu amalize kusema. Ndiyo maana uchaguzi wa uongozi wa soko ulipofika, wachuuzi walimchagua yeye kuwa mwenyekiti wao.

Siku hiyo mkewe alifurahi kuliko wote. Alikuwa anauza unga kwenye kibanda cha upande wa chini wa soko, na watu walimwita Mama Unga. Soko lao lilijengwa kwenye mteremko. Mtaro wa maji ya mvua ulipita kando ya njia kuu, ukiwa umefunikwa kwa mifuniko ya zege. Wachuuzi wa upande wa juu, karibu na lango, walikuwa wameweka meza zao juu ya mifuniko hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuifungua na kusafisha. Mtaro ukajaa mchanga na taka. Mvua zilizopita, maji yalifurika yakaingia kwenye vibanda vya chini. Magunia ya Mama Unga yalilowa, unga ukageuka uji.

"Mume wangu," alisema, "sasa wewe ndiye mwenyekiti. Ule mtaro ufunguliwe kabla ya mvua. Maji yakiingia tena kibandani kwangu, mimi nafunga biashara. Sina nguvu ya kuanza upya."

"Hilo limekwisha," alisema Fundi. "Niachie mimi."

Tatizo ni kwamba Fundi aliamini kiongozi lazima awe mtu mwingine kabisa. Alinunua koti zito la mtumba. Aliazima kipaza sauti. Akaacha mizaha, akaanza kutembea polepole huku mikono yake iko mgongoni. Wateja walipokuja kuvuta kigoda, alijibu kwa kukohoa.

Kisha akaitisha mkutano. Alisimama juu ya kreti, jasho likimtiririka ndani ya koti, akashika kipaza sauti.

"Wadau wote! Kwa mujibu wa mamlaka niliyokabidhiwa, mnaelekezwa kutekeleza mara moja uondoaji wa vizuizi vyote vilivyopo juu ya miundombinu husika!"

Kinyozi wa soko alimgeukia jirani yake. "Kasema nini?"

"Sijui. Nadhani kuna mtu kafiwa."

"Pole zao."

Mkutano ukaisha. Siku ya kusafisha mtaro ilipofika, Fundi alikuja na koleo. Hakuna meza hata moja iliyosogea. Watu walimsalimia vizuri, wakaendelea kuuza.

"Wananidharau," alimwambia mkewe walipokuwa wanakula.

"Hawakudharau. Hawakuelewa. Hata mimi nilidhani unasoma taarifa ya habari."

"Kiongozi hawezi kuongea kama mtu wa kijiweni."

"Lakini walimchagua huyo huyo wa kijiweni," alisema Mama Unga.

Maneno hayo yalimwingia. Akafikiri usiku kucha, asubuhi akaamua kurudisha mizaha yake. Mkutano wa pili aliuanza kwa kicheko.

"Jamani, tuanze na meza ya Mama Nyanya," alisema, akimwonyesha kwa kidole mama mnene aliyekuwa anauza nyanya karibu na lango. "Meza imetanda njia nzima kama mwenyewe! Tukimsogeza yeye tu, nusu ya kazi imekwisha!"

Watu waliangua kicheko. Fundi naye alicheka. Mama Nyanya hakucheka. Alikunja kitambaa chake, akakitupia begani.

"Asante, Mwenyekiti," alisema. "Nilidhani nimekuja mkutanoni. Kumbe nimekuja kuchekwa."

Akaondoka. Wanawake waliosimama karibu naye wakamfuata. Kinyozi akajikuna kichwa, akaondoka pia. Waliobaki walitazama chini. Fundi alitafuta uso wa mkewe katikati ya watu, akaupata. Mama Unga alikuwa anatikisa kichwa taratibu.

Kesho yake jirani yao alikuja mezani kwa Fundi. Alikuwa muuguzi wa zahanati, na alikuwa amemzoea Fundi kama shemeji yake. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimeachama mbele.

"Shemeji, leo kiatu changu kinaongea kuliko wewe," alisema. "Kuna nini?"

Fundi akamweleza yote. Hakuficha habari ya Mama Nyanya. Mwishoni alisema, "Nimekuwa mkali, hawakunisikia. Nimechekesha, wamenikimbia. Wanataka nini?"

Muuguzi alikaa, akakunja mguu wake usio na kiatu.

"Nikupe mfano wa kazini kwangu. Juzi alikuja mzee mmoja, hataki sindano. Ningeweza kumfokea. Nikamwambia, 'Baba, hata mimi naiogopa. Siku niliyochomwa, nilimbana mwenzangu mkono mpaka yeye ndiye aliyepiga kelele.' Akacheka. Nikamwambia ukweli kwamba itauma kidogo, kisha itaisha. Lakini bado akakataa."

"Ukafanyaje?"

"Nikamuuliza, 'Unaogopa nini hasa?' Nikanyamaza. Kumbe hakuogopa maumivu. Alisikia kwamba sindano ile inapoozesha mguu. Nikamweleza pale pale, akakubali. Nisingemuuliza, ningekuwa naendelea kumpoza juu ya maumivu mpaka leo."

Fundi alivuta uzi wa kile kiatu.

"Kwa hiyo mizaha ni mibaya?"

"Hapana, shemeji. Mizaha ni mizuri. Lakini angalia kicheko kinamwangukia nani. Mimi nilijicheka mwenyewe, mzee akanikaribia. Wewe ulimcheka mtu aliyekuja kukusikiliza. Yeye aliumia, na waliocheka waliogopa kwamba kesho ni zamu yao."

"Na koti?"

"Koti halina kosa. Ukisikia baridi, livae."

Fundi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Sasa nikuulize," alisema muuguzi. "Umewahi kuwauliza kwa nini hawataki kusogeza meza?"

Fundi alitikisa kichwa. Hakuwahi.

Alimaliza kushona kile kiatu, kisha akapiga moyo konde akaenda kwa Mama Nyanya. Alimkuta anapanga nyanya zake kwa mafungu. Mama hakuinua macho.

"Mama, nilikukosea," alisema Fundi. "Nilikukosea mbele za watu, na mbele za watu hao hao nitakuomba radhi tena. Lakini nimeona nianze hapa."

Mama Nyanya alihamisha nyanya moja kutoka fungu hili kwenda lile. "Haya. Nimekusikia."

"Na ninataka kukuuliza. Kwa nini hutaki kusogea?"

"Leo ndiyo unauliza?"

"Leo ndiyo nimepata akili."

Hapo Mama Nyanya akainua macho. "Mwenyekiti aliyekutangulia alituambia tuondoe meza kwa siku moja, njia ifagiliwe. Nikaondoa. Niliporudi, mtu mwingine amekaa mahali pangu. Nililalamika mpaka sauti ikakauka. Nimehangaika sana mpaka nikapata hapa. Leo unaniambia nisogee. Kesho nitarudi wapi?"

Fundi hakuwahi kulifikiria jambo hilo.

"Na la pili," alisema Mama Nyanya. "Unatuamuru sisi tusogee. Meza yako wewe imekaa wapi?"

Fundi aliona haya. Alijua vizuri meza yake ilikaa wapi. Miguu yote ya meza ilikuwa juu ya mfuniko wa mtaro. Alikuwa amejiambia kwamba yeye ni msimamizi, atasogea mwisho. Kumbe soko zima lilikuwa linaona.

Mkutano wa tatu aliufanya pale pale kwenye meza yake. Hakupanda kreti, hakushika kipaza sauti. Watu hawakuwa wengi, lakini Mama Nyanya alikuja, akasimama nyuma kabisa na mikono yake kifuani.

"Kabla ya yote," alisema Fundi, "namwomba radhi Mama Nyanya. Nilimfanyia mzaha wa kumdhalilisha. Mzaha ule haukuwa wa mtu mzima, sembuse mwenyekiti."

Mama Nyanya alishusha mikono.

"La pili, nimewaamuru msogee wakati mimi mwenyewe nimeukalia mtaro. Kinyozi, ndugu yangu, nishikie upande huo."

Wakaiinua meza. Kinyozi akagugumia. "Mbona nzito hivi? Una nini humu?"

"Viatu vya watu walioniambia watarudi kesho."

Watu wakacheka, na wawili watatu wakatazama pembeni, maana viatu hivyo vilikuwa vyao. Meza ikatua nyuma ya mtaro, karibu na ukuta.

"Sasa nisikilizeni," alisema Fundi. "Mtaro umeziba. Mvua ikija, maji yataingia vibanda vya chini. Mke wangu anauza huko, kwa hiyo nina sababu yangu mwenyewe, siifichi. Ninaomba Jumamosi asubuhi tuufungue na kuuzoa. Kila mtu atarudi nyuma kidogo, kama nilivyorudi mimi, lakini jirani yako wa kushoto na wa kulia watabaki wale wale. Leo hii, kabla meza haijasogea, kila mtu achore alama yake ukutani kwa rangi. Atakayekalia alama ya mwenzake, tutamwondoa sote."

"Na mvua ikitangulia?" aliuliza kijana wa duka la sabuni.

"Sijui. Hapo sina jibu. Najua tu kwamba tukichelewa itakuwa vibaya zaidi."

"Gari la taka litakuja?"

"Nimeomba, hawajanijibu. Wakikubali nitawaambia, na wakikataa nitawaambia vile vile."

"Rangi iko wapi?" aliuliza Mama Nyanya.

Ikaletwa. Alikuwa wa kwanza kuchora. Alichora nyanya kubwa nyekundu, akaiwekea na jani. Baada yake kila mtu akataka kuchora ya kwake, na ukuta ukajaa mikasi, samaki, vitunguu na vitu ambavyo wachoraji wenyewe walilazimika kuvieleza.

Jumamosi gari la taka halikuja, na Fundi aliwaambia hivyo. Kijana wa sabuni akaleta mkokoteni. Wakafungua mfuniko wa kwanza, ule uliokuwa chini ya meza ya Fundi. Kinyozi alichota ndoo ya kwanza, akaimwaga. Zilitoka soli kuukuu, visigino na vipande vya ngozi.

Watu wakamtazama mwenyekiti.

Fundi aliokota soli moja. Angeweza kusema zimeletwa na maji.

"Ni zangu," alisema. "Kila jioni nilikuwa nafagia nasukuma humu. Nilidhani vinakwenda."

"Vinakwenda wapi?" aliuliza Kinyozi.

"Kwa mke wangu, inaonekana."

Mama Unga aliangusha koleo. "Kumbe ni wewe! Na mimi mvua zote zile nilikuwa namlaani mtu nisiyemjua!"

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka barabarani. Mama Nyanya alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Walipofungua mfuniko wa mbele ya kinyozi, kikatoka kitu cheusi kama paka aliyelowa. Kinyozi hakusubiri kuulizwa. "Nywele," alisema. "Zangu. Yaani, zenu." Baada ya hapo hakuna aliyeona haya. Mtu alitambua maganda yake, mwingine mifuko yake, wote wakazoa. Kabla ya jua kuwa kali, mtaro ulikuwa wazi kutoka juu mpaka chini. Palepale wakakubaliana kuufungua mara kwa mara, na kila mtu awe na ndoo yake ya taka.

Mvua ilikuja siku chache baadaye, mchana, kwa kishindo. Fundi aliacha kazi akakimbilia upande wa chini. Alimkuta mkewe amesimama mlangoni pa kibanda chake, mkono mmoja juu ya gunia. Maji yalishuka kwa kasi mle mtaroni, yakapita mbele yao yakinguruma, yakaenda zake. Sakafu ya kibanda ilikuwa kavu, na unga mweupe ulitulia ndani ya magunia.

"Mke wangu, bado unafunga biashara?"

"Nitafungaje, na wateja wamejibanza humu wote?" alisema Mama Unga. Alimfuta mumewe maji usoni kwa ncha ya kitenge. "Wewe rudi kazini. Kuna mtu anakungoja."

Fundi alirudi akiruka madimbwi. Mama Nyanya alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na meza yake, mwavuli mkononi.

"Mwenyekiti, mtaro umekuwa mzuri. Sasa kuna habari ya vyoo. Wenzangu wamenituma nikueleze, na nakuonya kwamba ni maneno mengi."

Fundi akaiweka nyundo chini.

"Anza mwanzo, mama," alisema. "Nakusikiliza."