Kikwembe Juu ya Kompyuta

Exaucée alikuwa katikati ya sentensi aliposikia kitu kinakwaruza chini ya meza. Hakuacha kuandika. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi ya mwanafunzi, vidole vyake kwenye herufi.

"Wakulima wa mahindi katika komini ya Annexe," aliandika, "wanakosa..."

"Inua miguu, mwanangu," sauti ilisema.

Alikuwa Mama Joséphine, mama wa mume wake. Alikuwa amepiga magoti sakafuni. Alikuwa tayari amefunga sanduku la kompyuta kwa karatasi ya alumini, ile ya kuchomea samaki. Sasa alikuwa anazungusha kikwembe, kitenge kipya, juu yake, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto usiku wa baridi.

"Mama, munafanya nini?"

"Niko nafunika rayon, ile mionzi ya mashini. Endelea na kazi. Siko nakusumbua."

Exaucée alikitazama kile kikwembe cha kijani chenye maua meupe. Alikitambua. Mama Joséphine alikuwa amekinunua kwa ajili ya kumbebea mtoto atakayezaliwa. Alikuwa amekiweka ndani ya valizi yake ya nguo, na hakutaka mtu akiguse.

Exaucée aliishi katika mtaa wa Bel-Air na mama mkwe wake. Lombe, mume wake, aliendesha lori na mara nyingi alikuwa njiani. Kazi ya Exaucée ilikuwa kuandikia watu kwa kompyuta. Wanafunzi walimletea kazi zao za mwisho wa masomo zikiwa zimeandikwa kwa mkono. Yeye alizipanga vizuri na kuzichapisha. Aliipenda kazi hiyo. Aliifanya nyumbani, na sasa, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa limeanza kugusa ukingo wa meza, nyumbani palimfaa zaidi.

Aliendelea kuandika. Chini ya meza, feni ya kompyuta ilianza kulia kwa nguvu. Ikalia, ikalia, kisha kila kitu kikazimika. Sentensi ikapotea.

"Umeona?" Mama Joséphine alisema. "Zimekosa njia ya kutokea. Zimekufa."

Exaucée aliinama afungue kikwembe. Mkono wake uligusa chuma cha nyuma ya sanduku. Akahisi vidole vinamchoma kidogo, kama kuumwa na siafu. Akaurudisha mkono haraka.

"Njo hizo rayon," Mama Joséphine alisema kwa sauti ya chini. "Zimekuuma."

Exaucée alisugua vidole vyake. Kisha mama akasema jambo ambalo alikuwa amelibeba tangu asubuhi.

"Nimeongea na Papa Nzanzu. Anatafuta mashini ya depo yake kule Naviundu. Atapita kesho aichukue."

Nzanzu alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini. Aliuza unga kwa jumla, na kila mtu katika barabara yao alimfahamu. Akiichukua kompyuta, kazi ya Exaucée ingeondoka nayo.

"Mama, ile ni kazi yangu."

"Najua. Lakini kazi utapata ingine. Mutoto..." Mama Joséphine hakumaliza. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta. "Sikiliza. Papa yake Lombe alitumika ku mine, ku mashimo ya madini. Siku moja bantu walikuja na kamashini kadogo kenye kulia. Wakasema majiwe ya kule iko na rayon. Wakafunga shimo. Bamama wenye kuosha majiwe wakafukuzwa hata bila kuaga. Tangu ile siku, mimi nikisikia rayon, siulizi. Nakimbia. Sasa juzi ku telefone wamenitumia sauti. Muntu anasema ordinateur, hii kompyuta, inatoa rayon. Na wewe uko unakaa nayo kutwa, na tumbo. Na ile mimba ya kwanza, hata ile..."

Akavuta ncha ya kikwembe.

Mwaka uliopita Exaucée alipoteza mimba. Katika nyumba ile hawakuizungumzia. Lakini Exaucée mwenyewe alikuwa amewaza jambo hilo hilo mara nyingi, peke yake, mbele ya kioo cha kompyuta.

"Yaya Abigaïl iko kwao leo," alisema mwishowe. "Tumuulize kwanza. Kisha mutaamua."

Abigaïl alikuwa jirani yao; Exaucée alimwita yaya, yaani dada mkubwa. Alifanya kazi hospitalini, katika chumba cha kupiga picha za mifupa na mapafu.

Mama Joséphine alifikiri. "Yee anatumika na rayon kila siku. Akisema tuuze, tunauza."

"Na akisema hapana?"

"Tusikie kwanza."

Abigaïl alikuja na mikono yenye maji. Alikuwa anaosha mboga za lengalenga. Alijifuta kwenye nguo, akatazama chini ya meza.

"Mashini imevaa muzuri kuliko mimi," alisema.

Mama Joséphine hakucheka, ila midomo yake ilitikisika kidogo.

Abigaïl kwanza alikausha mikono vizuri. Kisha akachomoa waya wa kompyuta kutoka ukutani. Ndipo akafungua kikwembe na karatasi ya alumini, akaweka kiganja karibu na matundu ya sanduku.

"Iko moto sana. Mashini inapumua kupitia haya matundu. Mukiyafunika, joto inabaki ndani. Hii ilijizima yenyewe, tuseme asante. Ingine inaweza kuwaka moto."

"Lakini rayon?" Mama Joséphine aliuliza.

Abigaïl akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Mama, rayon ni jina ya famille mukubwa. Jua inatoa rayon. Moto ya mbabula, ile jiko ya makaa, inatoa rayon, njo unasikia joto ku magoti. Redio yenu inapokea rayon. Sasa, mu famille moja kuko mutoto mukorofi na kuko mutoto mupole, sivyo?"

"Kwetu wakorofi walikuwa wengi," mama alisema.

"Majiwe ya ile mine, na mashini yangu ya hospitali, wale njo wakorofi. Rayon yao iko na nguvu ya kuingia mu mwili na kuvunja bintu vidogo vya ndani. Njo maana mimi najificha nyuma ya ukuta nikipiga picha. Njo maana mama mwenye mimba tunamuuliza kwanza. Walifunga ile shimo, walifanya vizuri. Na ninyi mulifanya vizuri kuogopa. Lakini ya ordinateur ni wale wapole. Hawana nguvu ya kuvunja."

"Hawana hata kidogo?"

Abigaïl alisogeza kiti chake karibu zaidi.

"Wenye masomo wamezichunguza miaka mingi, na bado wanachunguza. Mu nyumba kama hii hawajaona kama zinaletea muntu ugonjwa. Lakini kama unataka kuzipunguza, haikatazwe. Dawa yake si kikwembe. Ni kusogea. Munayo redio ndogo?"

Mama Joséphine alileta redio yake ya betri. Abigaïl aliichomeka kompyuta tena kwa uangalifu, akawaambia wasiguse chuma. Akaiwasha. Kisha akageuza redio kwenye masafa ya kati, mahali pasipo na kituo. Ikatoa mvumo mdogo tu.

"Shikeni ninyi wenyewe, mama. Tembeeni nayo."

Mama Joséphine aliipeleka redio nyuma ya sanduku la kompyuta. Ikaunguruma. Akarudi nyuma hatua moja. Mngurumo ukapungua. Akarudi tena, ukawa karibu kuisha. Aliisogeza, akairudisha, kama mtu anayejaribu ufunguo.

"Redio haipimi hatari," Abigaïl alisema. "Haijui hatari. Inatuonyesha tu njia. Karibu, ni nyingi. Mbali kidogo, inaanguka. Na inaanguka haraka."

Mama Joséphine alipita na redio kila mahali. Mbele ya kioo bapa mvumo ulikuwa mdogo. Penye kiti cha Exaucée, mdogo pia. Kwenye stabilisateur, lile sanduku zito linalotuliza umeme unapopanda na kushuka, redio ililia kama kinu cha kusagia mahindi. Kisha mama akaingia chumba cha kulala. Wakasikia redio inaunguruma tena.

"Exaucée! Hapa iko nyingi! Pa muto yako ya kulalia!"

Wakaenda kuona. Kitanda cha Exaucée kiliegemea ukuta wa kati ya vyumba viwili. Upande wa pili wa ukuta ndipo stabilisateur ilipokaa, na haikuzimwa hata wakati wa kulala.

"Ukuta hauzuie?" mama aliuliza.

"Zile zinapita ukuta. Mimi nisingefikiri kutafuta huku. Mumeona vizuri, mama."

Mama Joséphine alinyoosha mgongo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshika mwizi.

"Basi inatoka pale," alisema. "Leo leo."

"Itatoka. Na usiku izimwe. Kama hakuna muntu wa kutumika, juu ya nini iwake?"

Exaucée alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya tumbo.

"Yaya, na ile iliyoniuma vidole?"

"Ile si rayon. Rayon ya mashini haiume vidole. Ile ni courant, umeme yenyewe." Abigaïl alikuwa amerudi kuchomoa waya. Alionyesha tundu la umeme ukutani. "Hapa hakuna waya ya kuingia mu udongo. Courant yenye kupotea inabaki ku chuma, inangojea mukono yako. Na wewe uko unaogopa rayon, courant unaiacha."

"Ni mama," Exaucée alisema.

"Ni sisi wote," mama alisema.

"Basi tusiiwashe tena mpaka Fils aje kuweka ile waya. Ile njo inanitia woga. Mimi si fundi wa umeme. Fils njo fundi."

Exaucée alitikisa kichwa kukubali, lakini hakuondoka mlangoni. Aliuliza bila kumtazama mtu.

"Na ile mimba ya mwaka jana?"

Mama Joséphine aliizima redio.

Abigaïl akamsogelea. "Mimi sijui juu ya nini ilitoka," alisema. "Mara nyingi hata munganga wa hospitali hajui. Mimba nyingi zinatoka mwanzoni, na mama hakufanya kosa lolote. Lakini hii moja naweza kukuambia. Walichunguza bamama wengi wenye kutumika na ordinateur, tangu zile za zamani zenye mgongo mukubwa. Hawakuona kama walipoteza mimba kupita bamama wengine. Usibebe ile muzigo, mudogo wangu. Haiko ya kwako."

Exaucée alishusha pumzi ndefu. Ilikuwa kana kwamba alikuwa ameizuia tangu mwaka uliopita. Alikaa kwenye kitanda. Mama Joséphine alikaa kando yake, akamshika goti.

"Nilifikiri ni mashini," mama alisema. "Sikufikiri ni wewe. Hata siku moja."

"Mimi nilifikiri ni mimi," Exaucée alisema.

"Hapana."

Abigaïl aliwaacha kidogo. Alirudi kwenye meza, akaanza kuondoa karatasi za wanafunzi. Walipomfuata, aliwaeleza mengine huku akifanya kazi. Kioo kikae mbali, urefu wa mkono ulionyooshwa. Sanduku liende mwisho wa meza, si kati ya miguu. Telefone isilale juu ya tumbo wala chini ya muto.

"Na kitu kikubwa, simama," alimwambia Exaucée. "Ukimaliza ukurasa, tembea mpaka ku mlango, kunywa maji, angalia mbali. Kukaa kutwa njo kunavimbisha miguu na kuumiza mugongo. Na ku kliniki ya mimba usikose."

Exaucée alishika upande mmoja wa meza.

"Wacha hiyo," wakubwa wote wawili walisema pamoja.

Wakaivuta wao. Stabilisateur ilihamishiwa kona ya mbali, upande wa barabara, ambako hakuna mtu anayelala. Mama Joséphine alipima nafasi kutoka kwayo hadi kitini kwa mikono yake mirefu, akaisogeza tena kidogo, akapima tena.

Kisha akachukua telefone yake.

"Papa Nzanzu, mashini haiuzwe tena."

Sauti ya Nzanzu ilisikika chumba kizima. "Mama Joséphine, asubuhi mulisema inatoa kintu kibaya."

"Nilisema vile."

"Na mulitaka kuniuzia mimi?"

"Ninyi hamuna mimba, papa."

Abigaïl alilazimika kutoka nje kucheka. Nzanzu naye alicheka, kisha akasema atatafuta mashine nyingine, na akawasalimia wote.

Fils, fundi wa umeme, aliahidi kuja kesho na chuma cha kuzamisha udongoni na waya wake. Exaucée alimpigia mwanafunzi wake. Alimwambia kazi imesimama leo, itaendelea kesho fundi akimaliza. Mwanafunzi alilalamika kidogo, kisha akakubali.

Jioni ilipokaribia, Mama Joséphine alirudisha karatasi ya alumini jikoni, kwenye samaki. Alikikung'uta kikwembe vumbi nje ya mlango. Alikinusa, akasema hakina shida, kitafuliwa. Kisha akasimama mbele ya meza mpya, akainama juu ya karatasi za mwanafunzi.

"Wakulima wa Annexe banakosa nini?" aliuliza.

"Nini, mama?"

"Ulikuwa unaandika, mashini ikazima. Banakosa nini?"

Exaucée alitafuta mstari kwa kidole. "Mbegu nzuri. Na njia ya kupeleka mahindi ku soko."

"Ni kweli. Andika vile."

"Kesho, mama."

Mama Joséphine aliweka redio yake juu ya karatasi ili upepo usizichukue. Kikwembe alikikunja mara mbili, akakiweka kwenye mapaja ya Exaucée, chini ya tumbo, akaenda kuwasha mbabula.