Kati ya Malango Mawili

Saa nne asubuhi, Husby, kitongoji cha wahamiaji huko Uswidi.

"Ngome haikushindi kuingia," Evodius alisema. "Itakushinda kutoka."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha saluni iliyofungwa. Evodius, mkubwa wao, alichora kwa chaki mezani: handaki la maji, daraja, lango la nje, ujia mwembamba, lango la ndani. Malango yenyewe ni nyavu za chuma zenye ncha zinazoshuka kutoka juu. Adui akifika katikati, zote mbili zinaangushwa. Panya mtegoni. Wakubwa wa zamani walijua kujikinga na watu kama hawa. Wa leo wanatumia makaratasi.

"Leo matajiri wanaoana huko. Bibi arusi akishavua taji la fedha la ngome, linarudi mnarani. Kambale na Brigitha, nyinyi wahudumu. Mnalitoa. Zephania yuko kazini kwake juu ya lango. Asiguse kitu. Mimi niko na gari ng'ambo ya daraja."

Brigitha akapakua kuku. Zephania akangoja firigisi. Tangu mkewe afe akisubiri simu ya hospitali, mwanamke huyu ndiye aliyemrudisha mezani, na firigisi haikuwahi kukosea sahani yake. Leo ilitua kwa Kambale, aliyejiunga nao wiki hiyo.

"Merci, mama," Kambale alisema, akatafuna taratibu.

"Zephania, mbona huli?" Brigitha aliuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba kwa macho?" Brigitha akacheka, akimtazama Kambale.

Saa tisa alasiri, ngomeni.

Kuangusha lango ni mtu mmoja na komeo. Kulipandisha ni gurudumu la mnyororo na wanaume wawili, na mwenzake Zephania wa zamu alikuwa ameshuka kuvuta sigara. Sakafuni mwa chumba hicho, juu ya ujia, mna matundu. Zamani walimwagia watu maji ya moto humo. Zephania akachungulia.

Wakaja. Brigitha mbele na trei, Kambale nyuma, taji chini ya vitambaa vya meza. Kambale akamwekea mkono kiunoni. Labda alikuwa anamharakisha. Zephania hakungoja labda.

Brigitha akavuka lango la nje. Zephania akafyatua komeo la ndani, kisha la nje. Kambale alishtuka, akateleza, mguu ukabaki chini ya lango la nje. Brigitha akageuka, akarudi mbio kumwinua. Komeo la nje lilikuwa limeshatoka. Chuma kikashuka nyuma yake, ncha moja ikauchana mguu wa Kambale.

King'ora kikalia. Gari la Evodius likaondoka.

"Nilitaka wewe upite," Zephania alisema tunduni.

Brigitha alikuwa anamfunga Kambale kwa kitambaa cha meza, nacho kinalowa. "Tumekukosea nini?"

"Firigisi."

Brigitha akakaza fundo. "Kwetu akija mgeni, firigisi ni yake. Wewe ulikuwa wa nyumbani."

"Brigitha."

"Anavuja damu. Fungua."

Ngazi ya kukimbilia ilikuwa wazi nyuma yake. Zephania akashika gurudumu. Akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, halikutikisika. Akaenda dirishani, akaita msaada kwa Kiswidi, kwa sauti yake yote.

Viatu vikapanda. Aliyetokea kwanza alikuwa polisi. Zephania akamwonyesha upande wa pili wa gurudumu. Wakasukuma pamoja, na lango likaanza kupanda.