Ufunguo Uliogeukia Ukutani

Wapo watu wakiambiwa "subiri kidogo" husubiri. Fundi wa miwani hakuwa mmoja wao, na asubuhi ile hakuona sababu ya kuanza kujifunza. Alikuwa ameagiza pikipiki ya bluu kwa simu wiki mbili kabla. Akatajiwa saa, akafika saa ile ile, gauni jepesi la rangi ya chungwa juu ya suruali ya jinzi, begi moja mgongoni. Akiingia getini, pikipiki ya bluu nayo ilikuwa inatoka, imepakia maharusi wawili wanaocheka.

"Ile ni yangu!" akasema.

Hakuna aliyemsikia. Uwanja wa kukodisha pikipiki ulikuwa umefurika wageni wa likizo. Helmeti zilikuwa zikirushwa kutoka mkono hadi mkono, watu wakijaza fomu juu ya matangi ya mafuta, na simu ya mezani ilikuwa ikilia bila kupokewa. Nyuma ya meza alisimama kijana mrefu, ovaroli ameifunga kiunoni kwa mikono ya ovaroli yenyewe, fulana nyeupe imeingia doa la grisi begani.

"Samahani, bibie. Subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Irudi yenyewe?"

"Dada yangu ndiye hukaa mezani, leo ameenda kliniki. Mimi ni fundi tu, wananiita Spana. Nimechanganya majina."

"Umechanganya likizo yangu, Spana. Nina siku nne. Nne tu! Na ya kwanza umeshanilia nusu."

Watu wa nyuma wakacheka. Spana akaona haya, akajikuna kichwa na kugeukia ubao wa funguo kama vile ungemjibia. Misumari yote ilikuwa mitupu isipokuwa mmoja, namba saba, ambao ufunguo wake ulining'inia kibao kimegeukia ukutani.

"Na huu?"

"Huo..."

"Mmemfichia nani? Mjomba wenu?" Akanyoosha mkono, akaugeuza, akautoa msumarini. Huko nje namba saba ilikuwa nyekundu, safi, na nzuri kuliko ile ya bluu, jambo lililomwongezea hasira. Yaani vizuri wanawawekea watu wao!

Spana alifumbua mdomo. Simu ikalia tena, mteja mwingine akamvuta fulana, na huyu dada alikuwa anamkazia macho kupitia miwani ya duara. Mdomo ukafumbika. Mpaka anaupata ulimi wake, bibie alishatia sahihi fomu bila kuisoma na kuwasha injini.

"Funga helmeti vizuri," ndilo neno pekee lililotoka.

Ili umwelewe dada huyu, ni lazima ujue alikuwa ametokea wapi. Kazi yake ilikuwa kusaga lenzi kwenye duka la miwani, na kwa miaka miwili alikuwa amechumbiwa na mhasibu mmoja asiyelala bila kujua mchumba wake yuko wapi. "Uko wapi? Na nani? Nitumie picha." Akiwa kazini, picha. Akiwa kwa shangazi yake, picha, na shangazi awemo. Siku moja alijikuta anapiga picha foleni ya benki ili apate kuaminiwa, akaitazama ile picha, akavua pete palepale. Likizo hii haikuwa ya bahari tu. Alitaka siku nne ambazo hakuna kiumbe duniani angeweza kusema yuko wapi.

Na siku ya kwanza alizipata saa tano nzima za namna hiyo. Barabara ilifuata ufuo, ikapanda juu ya miamba, ikashuka katikati ya minazi, upepo ukajaa ndani ya gauni. Aliimba kwa sauti ambayo nyumbani isingevumilika. Akaiacha lami, akafuata kijia cha mchanga, akatokea kwenye kighuba kidogo kisicho na mtu wala nyayo.

Saa nane mchana akasikia mlio wa pikipiki. Spana akatokea, jasho linamtiririka.

"Wewe! Umefikaje huku?"

"Nimepita tu."

"Njia hii inaishia baharini. Ulikuwa unapita kwenda wapi?"

"Kuoga," akasema, na ovaroli yake mwilini.

Fundi wa miwani alicheka. Hakutaka, lakini alicheka. Akamwacha pale, akaingia majini, na aliporudi alimkuta amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Unaifanya nini pikipiki yangu?"

"Naisalimia. Bibie Miwani, kuna kitu nataka kukwambia..."

"Ngoja kwanza nikwambie mimi." Alikuwa amefurahi mno, maneno yakatoka bila breki. "Unajua raha yangu ya leo ni nini? Hakuna anayejua niko hapa. Mama hajui. Kazini hawajui. Wewe umenipata kwa bahati, na bahati haina kosa. Sema basi, ulikuwa unasema nini?"

Spana akafuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilikuwa nasema maji ya hapa ni mazuri."

Kesho yake simu ya fundi wa miwani iliita asubuhi, namba ya duka.

"Pikipiki inakutii?"

"Inanitii kuliko wewe unavyotii oda za watu. Namba yangu umeitoa wapi?"

"Kwenye fomu."

"Haya. Usiizoee."

"Leo unaelekea wapi?"

"Sisemi!"

Lakini mchana, alipofika kwenye mnara wa zamani wa taa, kilomita arobaini kutoka dukani, akamkuta Spana amekaa kivulini, ovaroli hana, shati la mistari limepigwa pasi, machungwa mawili mkononi. Bahati tena! Moyo ukamruka, wala hakuukemea. Walipanda ngazi za mnara wakishindana, akashinda yeye, akamtania kwamba fundi mzima anahema kama injini iliyokosa oili. Akamweleza kazi yake pia: jinsi lenzi inavyosagwa ukingo mpaka iingie kwenye fremu bila kulazimishwa, na jinsi ukikosea kwa unywele mtu anaumwa kichwa mwezi mzima. Spana alisikiliza kwa makini, akauliza maswali ya maana. Mhasibu hakuwahi kuuliza hata moja.

Siku ya tatu waliongozana, pikipiki nyekundu mbele, nyeusi ya Spana nyuma. Jioni jua likiwa bado juu ya maji, Spana akamwambia, "Miwani, mimi nakupenda. Siku tatu ni chache, najua. Lakini nakupenda."

"Ngoja nirudishe pikipiki yako kwanza," akajibu, akiangalia pembeni ili asionekane anavyotabasamu. "Mteja na fundi hawapendani."

Asubuhi ya siku ya nne alifika dukani na karatasi ndogo mfukoni. Alikuwa ameandika namba yake ya simu kwa mkono wake, tarakimu kubwa nzuri, na chini yake mtaa anaokaa. Ile ya kwenye fomu ilikuwa ya duka. Hii ilikuwa ya Spana.

Mezani leo alikaa dada mtu, mwanamke mwenye sauti ya mnada na kitenge cha njano.

"Namba saba! Karibu, wifi!"

"Wifi?"

"Sasa nikuite nani? Mdogo wangu siku hizi akiwa hapa habanduki kwenye hii skrini. Nikimwambia kula, anasema ameshika njia ya mnarani. Nikimwambia kuna tairi, anasema amesimama, labda anakunywa maji. Njoo ujione!"

Akaigeuza skrini. Kwenye ramani ya pwani ulitambaa mstari mwekundu. Hapa alipoimba. Hapa alipoacha lami. Na pale, kwenye kighuba chake kisicho na nyayo, palikuwa na kidoti kinene, na saa pembeni: saa aliyofika, saa aliyoondoka.

Spana alitokea gereji akifuta mikono. Alipoiona skrini, akasimama.

"Bahati, eh?" fundi wa miwani akasema.

"Miwani, nisikilize..."

"Bahati inatumia umeme! Ina ramani! Inaandika saa!"

"Pikipiki zote zina kifaa hicho. Kimeandikwa kwenye fomu, kifungu cha tisa."

Akaichukua fomu. Kifungu cha tisa kilikuwepo kweli, kwa herufi ndogo kama chawa, na yeye ambaye riziki yake ni kuwawezesha watu kusoma herufi ndogo alikuwa ametia sahihi juu yake. Hilo halikumpoza hata kidogo. Kama kuna kitu kinachokera kuliko kukosewa, ni kukosewa na kuambiwa ulitia sahihi.

"Ufunguo ulikuwa umegeukia ukutani," Spana akasema haraka. "Hapa kwetu ufunguo ukigeuzwa, pikipiki hiyo haitoki. Breki ya nyuma nilikuwa sijaimaliza. Wewe ukaugeuza, mimi nikazubaa. Saa sita nikaziona pedi mpya za breki juu ya meza yangu, nikafa nusu. Nikakupigia, hupatikani. Ndipo nikakufuata. Zile pedi nimezifunga ukiwa unaogelea."

"Ukaniambia maji ni mazuri!"

"Ulikuwa umefurahi. Ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo! Ungeniambia breki mbovu, nimekutafuta kwa kifaa, samahani. Ningekufokea, halafu ningekushukuru." Dada mtu akaanza kuigeuza skrini irudi upande wake. "Haya. Siku ya kwanza breki. Siku ya pili ilikuwa nini?"

Spana akainama.

"Nakuuliza. Siku ya pili ilikuwa nini?"

"Siku ya pili ilikuwa mimi."

"Na ya tatu vilevile." Alivua helmeti akaiweka mezani kwa utaratibu, maana angeirusha isingemtosha. "Miaka miwili nimeishi na mtu anayenichunga. Yeye angalau alikuwa akiniuliza niko wapi. Wewe hata kuuliza umeona ni kazi! Usinitafute, Spana. Usinitafute kabisa."

Karatasi ilitoka naye mfukoni ilivyoingia.

Wiki tatu zilipita. Alisaga lenzi kwa ghadhabu mpaka mashine ikalalamika. Kila simu ikiita aliikimbilia, na kila alipoona si namba ya duka la pikipiki alikasirika upya.

"Hata salamu!" alimwambia mama wa mapokezi, mtu mzima aliyeona mengi. "Wiki tatu, mtu aliyesema ananipenda, hata salamu! Si anavyo vifaa? Si ana fomu yangu?"

"Mwanangu, si ulimkataza asikutafute?"

"Nilimkataza."

"Na hakutafuti."

"Ndiyo!"

"Sasa unamlaumu kwa lipi?"

"Kwa vyote," akasema. Mama wa mapokezi akarudi kwenye karatasi zake za vipimo, mabega yakimtikisika.

Mchana ule, mlango wa karakana ukiwa umefungwa na vumbi la lenzi limejaa kwenye aproni, alipiga simu ya duka. Aliipokea dada mtu.

"Wifi! Asante Mungu. Huyu mtu amenuna hapa, hata kwenye skrini hakai, tumemwajiri mwingine wa kuangalia. Spana! Spana! Acha hiyo tairi!"

Zikasikika hatua, spana ikaanguka sakafuni, kisha pumzi.

"Haloo."

"Wewe ni mtu gani?" akaanza. "Wiki tatu! Namba yangu unayo, mtaa wangu umeandikwa kwenye fomu, na umekaa kimya kama hunijui!"

"Naijua kwa kichwa," Spana akasema.

"Basi mbona hukupiga?"

"Hukunipa mimi. Uliwapa duka. Nilishakuchukulia kitu kimoja bila kukuomba, Miwani. Nikasema nisichukue cha pili."

Fundi wa miwani alivua miwani yake akaifuta kwa upindo wa aproni. Haikuwa na vumbi. Hasira yote aliyoibeba kwa wiki tatu ilitafuta pa kushika, ikakosa, na alijisikia mwepesi kama siku ile barabarani. Akaifungua droo ya vifaa, akaitoa karatasi ndogo iliyokuwa imekunjika pembe.

"Chukua kalamu."

"Nimekwambia naijua kwa kichwa."

"Chukua kalamu, Spana, usinitibue! Hiyo uliyoijua kwa kichwa si yako. Andika."

Akamsomea namba yake, tarakimu moja moja, taratibu, naye upande wa pili akazirudia kila moja. Hata tarakimu moja haikutofautiana na ile ya kwenye fomu.

"Sasa niulize," akasema.

"Nikuulize nini?"

"Kile ulichopaswa kuniuliza siku ya pili."

Spana akakohoa. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, ya mtu anayebisha hodi.

"Uko wapi, mpenzi?"

Akamwambia. Akamtajia mji, mtaa, rangi ya mlango wa duka, ngazi za pembeni zinazopanda karakanani, dirisha linalotazama kituo cha basi, na kiti kirefu kilicho mbele ya mashine yake.

"Na Jumamosi?" Spana akauliza.

"Jumamosi niko nyumbani. Ukifika kituoni, usinitafute. Piga simu, uliza, nitakuja kukuchukua mwenyewe."