Kambi ya Khalfan Kando ya Ziwa

Kambi ilipatikana Jumapili asubuhi, mwenyewe hayupo. Hema la kijani lilikuwa limesimamishwa kando ya ziwa dogo, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka Minneapolis, mahali ambapo barabara ya changarawe hukata pori bila nyumba wala nguzo ya simu. Pikipiki ilikuwa imesimama kwenye stendi yake. Viatu vilikuwa ukingoni mwa maji, na mbele ya hema ulitandikwa mswala, umebanwa kwa mawe ili upepo usiupeperushe. Askari wa kaunti, mzee mtaratibu aitwaye Harrison, alipiga picha, akaita wapiga mbizi, akahitimisha kwamba Khalfan Mbwana, mhandisi, Mtanzania mkazi wa kitongoji cha New Hope, alikuwa amezama.

Ilikuwa Oktoba 1996, na ziwa lile lilikuwa baridi hata bata walikuwa wamelihama.

"Mtu wa Tanga aingie humo kuoga?" alisema Eliakunda Mshana aliposikia. "Labda awe amerogwa."

Eliakunda alikuwa mkaguzi wa madai ya ajali katika kampuni moja ya bima kule Plymouth. Kazi yake ilikuwa kutazama magari yaliyopondeka na kuwasikiliza watu wakiapa kwamba taa ilikuwa ya kijani. Uongo alikuwa ameusikia wa kila rangi, na haukumkasirisha tena, ulimchosha tu. Lakini Khalfan alikuwa jirani yake, jengo moja, na Saadia mkewe alikuwa amempigia simu akilia hadi maneno hayakusikika. Hilo lilimkasirisha.

Jumatatu saa tatu asubuhi alikuwa sebuleni kwa Saadia. Ilibidi auzunguke mswala uliotandikwa mshazari katikati ya chumba, ukielekea pembeni, kati ya dirisha na televisheni. Saadia alikuwa amekaa karibu na simu. Tangu jana hakuwa amesogea pale ila kwa kuswali, kwa hofu kwamba simu italia akiwa chooni.

Victoria, mdogo wake Eliakunda, alikuwa jikoni akichemsha chai ya watu wote. Harusi yake ilikuwa Jumamosi inayofuata. Mchumba wake, Jotham, kiongozi wa kwaya ya Waswahili, alikuwa akiingia na kutoka, mara alete mikate kwa pikapu yake ya kubebea spika za kwaya, mara awapigie watu simu waje kusaidia kutafuta. Yeye na Khalfan walikuwa wamesoma pamoja Muheza tangu wakiwa wadogo, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Khalfan alikwenda wapi hasa?" Eliakunda aliuliza.

"Haambii mtu," Saadia alijibu kwa Kiswahili chake cha Mombasa. "Kila weekend yuwatoka peke yake na ile pikipiki yake, atafuta barabara za changarawe zisizo watu, apige kambi. Asema akiwa peke yake njiani ndipo kichwa chatulia. Mimi humwambia, kwani kichwa chako chakimbizwa na nani hapa nyumbani?" Akajaribu kucheka, akashindwa.

Harrison alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini, picha zake zimepangwa juu ya meza.

"Wapiga mbizi watamaliza leo jua likizama," alisema. "Usiku maji yanaanza kuganda. Samahani, mama."

"Na mkiwa mnatafuta mahali sipo?" Eliakunda alimuuliza.

"Viatu vyake vipo pale. Ila nina swali moja ambalo halijajibiwa." Alimgeukia kijana aliyekuwa amesimama mlangoni. "Majirani wanasema Ijumaa ulimfokea shemeji yako hapa kwenye ngazi. Jumamosi ulikuwa wapi?"

Bashir, kaka yake Saadia, alitazama zulia. "Nilikuwa kwangu."

"Nilipita kwako. Mwenye nyumba anasema hukuwepo kutwa."

Bashir alirudisha macho kwenye zulia. Harrison alimwambia asitoke mjini. Eliakunda alimwona kijana yule akipoteza rangi, akajua kabisa kwamba kitanzi kinakaribia shingo yake na yeye mwenyewe anakikaza kwa kunyamaza.

Aliziinamia picha. Katika moja, iliyopigwa kutoka barabarani, hema lilikuwa nyuma, na mswala mbele ulikuwa umelala sambamba na barabara.

"Barabara hii inaelekea wapi?"

"Kaskazini, moja kwa moja. Ukiifuata utafika Kanada," alisema Harrison.

"Na huyu mwenye shamba la jirani? Nasikia huwafukuza wapiga kambi kwa bunduki."

"Cyrus? Huyo huwafukuza. Jumamosi mbwa wake walibweka, lakini anasema hakutoka. Sijamwamini bado."

Pikipiki ilikuwa imepelekwa kwenye yadi ya kampuni ya Eliakunda, iliyoikatia bima, huko Plymouth ili ikaguliwe, na hapo Eliakunda alikuwa kama nyumbani. Saa tano alikuwa amepiga magoti ubavuni mwake. Haikuwa na mkwaruzo. Aliangalia matairi, akachokonoa kwa bisibisi katikati ya meno ya mpira, kisha kwenye spoki na chini ya injini. Kila mahali ulitoka udongo mwekundu, mwekundu kama wa nyumbani kwao Same, ukaacha doa kwenye vidole.

Barabara ya ziwani, kwenye picha zote, ilikuwa ya kijivu.

Aliutafuta udongo wa kijivu kwenye matairi yale kwa subira ya mtu anayelipwa kwa saa. Hapakuwa na chembe. Pikipiki haikuwa imekanyaga barabara ile hata kidogo. Ililetwa imebebwa, ikateremshwa penye nyasi. Na udongo mwekundu, katika jimbo hili, aliujua: hupatikana upande wa Crosby, kwenye machimbo ya zamani ya chuma, mbali na ziwa lile. Huko kulikuwa na mashamba mengi yaliyoachwa, vijia vya changarawe visivyo na mwisho, na misitu ya kumficha mtu yeyote.

Aliinuka, na wazo likampiga kifuani. Wapiga mbizi wanatafuta maiti ziwani, na mtu mwenyewe yuko kwingine, labda anapumua. Jua likizama, hakuna atakayemtafuta tena.

Alimpigia Harrison simu akamweleza. Harrison alimsikiliza, akaguna. "Eneo hilo ni kubwa, mama. Nipe mahali."

Mahali hakuwa napo.

Eliakunda alimkuta Bashir ndani ya gari lake dogo, Corolla iliyochakaa, kwenye maegesho ya jengo. Eliakunda aliingia akakaa kando yake bila kukaribishwa, akafunga mlango.

"Sasa nieleze. Jumamosi."

"Dada, wallahi sijamgusa."

"Sijakuuliza hilo."

Bashir aliushika usukani kwa mikono miwili. "Nilikuwa job. Pale kiwandani Maple Grove, shift ya weekend. Najiita Mahdi pale. Papers ni za rafiki yangu. Nikimwambia yule askari, kesho niko kwenye ndege. Nisipomwambia, niko jela. Nieleze wewe, nitokee wapi?"

"Na ugomvi wa Ijumaa?"

"Nilimwambia asimwache dada yangu peke yake kila weekend. Ni hilo tu. Khalfan ndiye aliyenipokea hapa, mimi nimuue?"

Eliakunda aligeuka kutazama kiti cha nyuma. Pikipiki ile isingeingia humo hata kwa kufunguliwa vipande. Alimwamini, lakini imani yake haikuwa na thamani kwa askari.

Alipanda ngazi polepole. Ilikuwa imepita saa nane, na jua la Oktoba katika nchi ile halina subira. Saadia alikuwa akimaliza kuswali. Eliakunda alisimama kando amngoje, akautazama mswala ule wa mshazari kwa jinsi alivyoutazama asubuhi, kama kitu cha kuzungukwa. Halafu akaacha kuuzunguka.

"Saadia, kwa nini umeutandika upande?"

"Upande vipi? Ndiko kibla kuliko."

"Kibla si kaskazini? Kwetu Same misikiti yote imeelekea kaskazini."

"Huko kwenu ndiyo, na Mombasa pia. Maka iko juu yetu. Hapa tuko upande mwengine wa dunia, dada. Bashir alituonyesha kwa tufe na uzi, siku ya kwanza tu. Hapa ni kaskazini-mashariki. Khalfan hubeba dira yake porini, hakosei."

Eliakunda alikaa kitini kwa uzito. Mswala wa ziwani ulikuwa umelala sambamba na barabara, na barabara ilielekea kaskazini moja kwa moja. Khalfan hakuutandika. Bashir asingeutandika vile, kwani ndiye aliyewafundisha. Cyrus na bunduki yake asingefikiria kutandika mswala kabisa. Aliyeutandika alijua Khalfan huswali, na alijua kibla ya Tanga. Hakuwa ameswali hata siku moja Marekani. Ni Mkristo wa nyumbani. Hata yeye Eliakunda angekosea vilevile, kwa roho safi kabisa.

Mkristo wa nyumbani, anayejua Khalfan hupenda kupiga kambi wapi, na mwenye gari la kubebea pikipiki. Pikapu inayobeba spika za kwaya ilikuwa chini, maegeshoni.

Alihisi chumba kimepungua. Jikoni Victoria alikuwa akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa harusi yake. Eliakunda alitamani, kwa dakika nzima, asingeuliza lile swali. Kisha akashuka chini.

Pikapu ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Alifunua raba iliyotandikwa nyuma, akapitisha kidole kwenye kona ya bati. Kilitoka chekundu.

Aliporudi, Jotham alikuwa sebuleni akinywa chai. Harrison alikuwa amerudi kuaga. Bashir alisimama palepale mlangoni.

"Shemeji," Eliakunda alimwambia Jotham, "pikapu yako umeiosha lini?"

"Jana, baada ya ibada. Kwani?"

"Jumamosi ulikwenda nayo wapi?"

"Saint Paul. Kuchukua viti vya harusi."

"Saint Paul kuna udongo mwekundu?" Aliunyoosha mkono mezani ili wote wauone. "Huu nimeutoa nyuma ya gari lako sasa hivi. Ni huuhuu ulio kwenye matairi ya Khalfan. Pikipiki ililetwa ziwani imebebwa, Jotham. Na aliyeileta alitandika mswala kana kwamba yuko Muheza."

Alimweleza, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya Harrison, habari ya mswala na kibla. Jotham alicheka kidogo. Alitazama mlango, Bashir alikuwa ameuziba. Alitazama dirisha, ghorofa ya tatu. Mwisho akamtazama Victoria, aliyesimama na birika mkononi.

"Dada, unasema nini?" Victoria aliuliza. "Jotham amelia tangu jana!"

"Najua. Nadhani alilia kweli." Eliakunda hakuondoa macho kwa Jotham. "Sikiliza. Sasa hivi inawezekana wewe ni mtu aliyemuumiza mwenzake. Jua likizama utakuwa muuaji, na hapo hata mimi sitaweza kukusemea neno. Yuko wapi?"

Saadia aliinuka kutoka kwenye simu. Alimkaribia Jotham akapiga magoti mbele yake, akamshika miguu.

"Kaka Jotham. Nipe mume wangu. Hata akiwa maiti, nipe."

Kikombe kilimponyoka Jotham. "Usinipigie magoti," alisema. "Saadia, inuka, usinipigie magoti." Ndipo akaanza kulia, na maneno yakatoka yenyewe.

"Ana mke," alisema, akijinyooshea kidole kama anamsema mtu mwingine. "Jotham ana mke Muheza. Doris. Tulifunga ndoa kanisani kabla sijaja kusoma. Khalfan alikuwepo. Alininyamazia miaka yote, mpaka aliposikia tarehe ya harusi. Akaniambia, mwambie Victoria mwenyewe, la sivyo nikirudi Jumapili namwambia mimi. Nilimfuata kambini kwake kumbembeleza. Shamba bovu, nyuma ya machimbo, aliwahi kunionyesha. Hakukubali. Nikamsukuma. Sikujua nyuma yake kuna kisima, kilifunikwa mbao zilizooza. Alidondoka."

"Alikufa?" Harrison aliuliza Eliakunda alipomfasiria, tayari ameshika simu.

Jotham alifunika uso. "Alikuwa ananiita jina langu."

Victoria aliliweka birika chini taratibu. Alivua pete, akaitazama, akashindwa kujua aiweke wapi, akabaki ameishika.

Walimtoa Khalfan saa kumi na mbili kasoro, jua likigusa miti. Mguu ulikuwa umevunjika, mwili baridi, lakini hai. Saadia aliisikia sauti yake kwenye simu. Alibaki akitikisa kichwa kana kwamba Khalfan anamwona.

Kesho yake walikwenda hospitali, Saadia, Bashir na Eliakunda. Bashir alikuwa amemwambia Harrison ukweli wa Jumamosi, na mzee yule alikuwa amejibu kwamba yeye anatafuta wahalifu wa kaunti yake tu, mambo ya Maple Grove hayamhusu. Victoria alikuja pia. Hakuna aliyemwalika, wala aliyethubutu kumkataza. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Anasema alirudi," alisema. "Kituoni ameniambia. Alirudi Jumapili alfajiri, akakuletea maji. Ni kweli?"

Eliakunda alimtazama mdogo wake, akaelewa alichokuja kukiomba: kitu kimoja tu kizuri cha kubaki nacho.

Khalfan alimgeukia. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Ni kweli. Alinitupia chupa mbili. Bila hizo nisingekuwepo hapa, madaktari wamesema hivyohivyo."

Victoria alianza kulia, na katika kulia kwake kulikuwa na kitu kama shukrani.

"Nilimwita," Khalfan aliendelea polepole. "Nikamwambia, Jotham, teremsha kamba, yameisha, sitamwambia mtu. Alikaa pale juu muda mrefu. Nilimsikia akipumua. Kisha akazirudisha mbao, moja moja, mpaka nikawa sioni mwanga."